Kiswahili cha Kwenye Filamu: Tuliyoyaona na Tuliyoyasikia

Wapo wenzetu katika kazi hii ya ualimu wanaoamini kwamba filamu ni mchezo wa kupotezea wakati, na kwamba mwanafunzi aketiye mbele ya runinga ni mwanafunzi aliyekwisha kulikimbia daftari lake. Hatupendi kubishana nao kwa maneno ya jumla. Twaona ni heri tueleze filamu chache tulizozitazama hapa Kigali, nyingine nyumbani na nyingine katika jumba la sinema, tuseme waziwazi ipi ilitufaa na ipi ilitusumbua, kisha msomaji aamue mwenyewe.

Kwanza msomaji aliye mbali na aijue hali yetu. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Hata hivyo, mwanafunzi wetu hukisikia Kiswahili darasani tu. Kengele ikilia hurudi kwenye Kinyarwanda chake, ambacho karibu kila mtu nchini hukizungumza. Asipokuwa mkazi wa Biryogo au Nyamirambo, mitaa ambayo Kiswahili kimezungumzwa tangu zama za ukoloni, huenda akapitisha juma zima bila kuwasikia watu wawili wakiongea lugha hiyo. Tena wapo wazee ambao hadi leo huihesabu kuwa lugha ya kambini na sokoni. Mama mmoja alipata kutuuliza, kwa heshima zote, "Mwalimu, kwani binti yangu anataka kuwa askari au mchuuzi?" Tulimjibu kadiri tulivyoweza, lakini swali lake tulibaki nalo, na ndilo lililotufanya tuanze kuwaalika wanafunzi wetu nyumbani siku za Jumamosi kutazama filamu.

Tulianza na Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021. Walimu wengi wanakijua kitabu cha Adam Shafi kilichotoka mwaka 1999, ambacho ndicho asili ya filamu hiyo. Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaikimbia ndoa ya mume mzee. Anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwimbaji wa taarabu. Anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru, na mapenzi yao yanamwingiza katika siasa ambazo hakuzaliwa nazo.

Jina lenyewe lilitupa somo kabla ya picha ya kwanza. Mwanafunzi mmoja aliuliza ile alama ya ritifaa inafanya nini hapo. Tukawaeleza kwamba ni nikuvute, na kwamba katika usemi wa Waswahili wa pwani irabu ya kiambishi cha nafsi ya kwanza humezwa, ikabaki n' peke yake: wewe vuta, nami nikuvute. Kanuni hiyo tulikwisha kuifundisha ubaoni, na ikasahauliwa. Safari hii ilishika, kwa sababu waliisikia baadaye katika vinywa vya watu wenye hasira, wenye mapenzi na wenye haraka.

Maoni yetu juu ya filamu yenyewe ni haya. Imepungukiwa pale ambapo kitabu kina utajiri mkubwa, yaani katika mazungumzo marefu na mizaha ya barazani. Mwongozaji amependelea kimya, vivuli na wimbo. Aliyekisoma kitabu atawakumbuka watu wengi wasioonekana, au wanaopita upesi mno. Lakini Siti Amina, anayeigiza Mwajuma, amempa mwanamke huyo haiba ambayo hata msomaji makini hakuwa ameisikia sawasawa. Na kubwa zaidi ni kwamba Kiswahili hapa ni lugha ya fikra. Watu wanajadili dola, kifungo na haki kwa lugha moja hiyo hiyo wanayochumbiana kwayo. Yule binti ambaye mama yake alituuliza swali alisema filamu ilipokwisha, "Mwalimu, kumbe mtu anaweza kubishana na serikali kwa Kiswahili." Tuliyaandika maneno hayo katika daftari letu la maandalio.

Jumamosi iliyofuata tulitazama Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwas, aliyeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa shamba anayeuza filamu za kigeni huku akiziigiza mbele ya wateja wake. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, ananyang'anywa kila kitu siku ya kwanza, na muda si mrefu anaishi maisha mawili, jukwaani na katika genge la wezi. Mwenzetu mmoja aliyekuwapo alikasirika. Alisema Sheng inayozungumzwa humo itabomoa kwa saa moja na nusu tulichokijenga kwa muhula mzima, na kwamba filamu hiyo inamthibitishia yule mama kuwa Kiswahili ni lugha ya wahuni.

Hoja yake si ya kupuuzwa. Wanafunzi walitoka na maneno ambayo hatuwezi kuyapokea katika insha. Hata hivyo, sisi tuliona jambo jingine. Mwas hubadilisha lugha kila anapobadilisha mahali: nyumbani Kikikuyu, mtaani Sheng. Mwanafunzi wa Kigali anayejifunza lugha nne shuleni huyaelewa maisha hayo kuliko tunavyodhani. Tuliwapa kazi ya kuchagua mazungumzo mafupi ya genge na kuyaandika kwa Kiswahili sanifu. Walitambua upesi kwamba dhihaka fulani hufa zikisanifishwa. Hilo ni somo la rejista ambalo hatujapata kulifundisha vizuri kwa kitabu.

Kuhusu filamu za Dar es Salaam ziitwazo Bongo Movie tutasema machache. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, na Vincent Kigosi waliwaingizia watu Kiswahili sebuleni, hapa kwetu na huko mashariki ya Kongo, kuliko semina nyingi za walimu. Hadithi aghalabu hurefushwa bila sababu, na majina mengi ni ya Kiingereza ilhali filamu ni ya Kiswahili. Lakini usemi ni wazi na wa polepole, nao humfaa anayeanza kujifunza.

Limebaki suala la agasobanuye, yaani filamu za kigeni zinazosimuliwa na mtu mmoja juu ya sauti za waigizaji. Jina hilo latokana na kitenzi gusobanura, kueleza. Msimulizi mashuhuri kwetu alikuwa Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga na kufariki mwaka 2022. Kenya wanaye DJ Afro, na Tanzania ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, waliosimulia kwa Kiswahili. Wasomi huwacheka watu hawa. Sisi twawaheshimu, maana walielewa mapema kwamba mtu haipokei hadithi kikamilifu mpaka aisikie kwa lugha anayoihisi.

Nasi Wanyarwanda jambo hilo tunalijua kwa uchungu. Katika Hotel Rwanda, ya mwaka 2004, watu wa Kigali huzungumza wao kwa wao kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Afrika Kusini. Ulimwengu ulilia, sisi tulitazama majirani zetu wakiwa na ndimi za wengine. Mwaka 2007 ilipotokea Munyurangabo, filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kwa Kinyarwanda, tuliona tofauti hiyo, ingawa mwongozaji wake, Lee Isaac Chung, ni mgeni. Na katika Neptune Frost, iliyopigwa hapa nchini na kutoka mwaka 2021, Kiswahili kinakaa pamoja na Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza bila mmoja kumwomba mwingine ruhusa.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa walimu wenzetu ni mdogo. Filamu moja kwa muhula yatosha. Mwalimu na aitazame kwanza peke yake, achague dakika kumi za kurudiwa, na awaache wanafunzi waikosoe kwa Kiswahili, hata wakiikosoa vibaya. Anayesema "kura" akikusudia "kula" hatasahihishwa na sinema. Hiyo ni kazi yetu. Lakini atakuwa amepata la kusema, na kwetu hilo ndilo lililokuwa likikosekana. Yule mama bado hajashawishika. Tumemwalika Jumamosi ijayo.