Mafua ya Chatu Yasiyokwisha

Katika miaka ya 1990, wafugaji wa nyoka wa Marekani na Ulaya walikuwa na jibu moja kwa kila chatu aliyetokwa na mapovu mdomoni: baridi. Ongeza joto, safisha kizimba, mpeleke akachomwe sindano. Chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wale wanaojikunja duara wakiogopa, waliletwa kwa maelfu kutoka Ghana, Togo na Benin. Wengi walifika wamedhoofika, wamejaa utitiri, na haikuchukua muda wakaanza kukoroma ndani ya matangi ya kioo.

Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana lilidumu. Joto la nyoka hutegemea mahali alipo; akipoa, kinga yake hulegea na dawa nayo hukosa nguvu. Chatu huyo anahitaji upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili kama 26, ili achague mwenyewe. Isitoshe, nyoka hana kiwambo cha kumwezesha kukohoa. Kamasi likishajaa pafuni, hana namna ya kulitoa. Mtazame mgonjwa usiku: kichwa amekiinua, pua inaelekea juu, mdomo umeachama kidogo, na kile kitundu cha hewa kilicho ndani ya mdomo, upande wa chini, kinafunguka na kujifunga huku uzi wa kamasi ukivutika pembeni. Akilaza kichwa, anakosa pumzi.

Dawa zilibadilika kwanza. Antibiotiki ya gentamisini iliyotumika sana miaka ya 1970 iliwaharibu nyoka wengi figo. Mwaka 1984 watafiti walieleza matumizi ya antibiotiki nyingine, seftazidimu, kwa nyoka, na sindano moja kila baada ya saa 72 ikawa desturi ya kliniki nyingi. Wengi walipona kabisa. Wengine walipona kwa muda tu.

Mama mmoja mwenyeji wa Tanga, aliyehamia Minnesota na kumkubalia mwanawe afuge chatu, anawakumbuka vizuri hao wa kundi la pili. Daktari wa mifugo alimwambia kwa upole kwamba nyumba yake ni ya baridi. Akanunua kipimajoto kingine, akaziba nyufa za dirisha, akabadilisha taa. Dozi ikiisha, nyoka anakula panya wake na kujivua gamba bila shida. Miezi michache baadaye anakoroma tena. Kijana alianza kuamini kwamba yeye ndiye anayemuua mnyama wake.

Hapo ndipo mwaka 2014 unapoingia. Makundi tofauti ya watafiti yalitangaza kwamba yamekuta ndani ya chatu wenye nimonia virusi vipya vya jamii ya nidovirusi, ndugu wa mbali wa virusi vya korona. Mwaka 2018 timu ya Colorado ikaonyesha kwamba chatu wenye afya wakiambukizwa virusi hivyo, huugua. Kisha mwaka 2019 ukachapishwa uchunguzi wa zaidi ya nyoka 600 waliofugwa Marekani: takriban robo yao walikuwa navyo, chatu wakiongoza, na baadhi hawakuonyesha dalili yoyote. Kwa kweli onyo lilikuwepo zamani, kwani tangu 1972 virusi vya namna nyingine viliwahi kuua nyoka wenye sumu waliofugwa Uswisi. Lakini majumbani watu waliendelea kulaumu taa na vipimajoto.

Chatu wa Minnesota alipopimwa, alikutwa na virusi. Antibiotiki zilikuwa zikipunguza bakteria waliodandia juu ya ugonjwa, na virusi vyenyewe havina dawa mpaka leo. Kijana alihuzunika, lakini mzigo wa lawama ukamtoka. Nyoka alihamishiwa chumba chake peke yake, akapewa bakuli na koleo ambavyo havigusi kizimba kingine.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, chatu akikoroma kwa mara ya pili, mwombe daktari achukue sampuli mdomoni kwa kijiti cha pamba na kuipeleka maabara kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta virusi, kabla ya kukuandikia dozi nyingine. Na nyoka mgeni akae karantini miezi mitatu au zaidi, apimwe na kuondolewa utitiri, hata kama anaonekana mzima.