Swali la Manyoya

Katika miaka ya themanini nilikuwa nikifundisha katika chuo kimoja cha ualimu hapa Unguja. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la mijusi ya kale ya Tendaguru. Nikiwaeleza wanachuo jinsi Wajerumani walivyochimba kule Lindi tangu 1909 hadi 1913, na jinsi wapagazi wetu walivyoibeba mifupa mpaka bandarini, ikapelekwa Berlin, ambako mjusi mmoja amesimamishwa, kimo chake zaidi ya mita 13. Siku moja nikamalizia kwa kusema kwamba dinosaria wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa na magamba kama kenge.

Kijana mmoja wa Makunduchi akanyanyua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Kuku wa Darajani ana magamba miguuni, na juu ana manyoya. Huenda wale wadogo nao walikuwa hivyo?"

Nikacheka, na darasa zima likacheka nami. Nikamwambia kuwa somo la mapishi liko chumba cha pili. Akakaa kitako, na mpaka anamaliza chuo sikuuona tena mkono wake.

Nilikwisha staafu pale mjukuu wangu aliponisomea, barazani kwetu Mkunazini, habari za velosirapta, dinosaria mwindaji mwenye ukubwa wa batamzinga. Mabaki yake yalipatikana Mongolia mwaka 1923, naye akapewa jina mwaka 1924. Kwa miaka mingi alichorwa na ngozi tupu ya mjusi. Lakini mwaka 1996 China ilitangazwa dinosaria mdogo aliyeacha alama za manyoya mafupi ndani ya jiwe. Na mwaka 2007 wataalamu waliona, katika mfupa wa mkono wa velosirapta, vinundu sita vilivyojipanga, kama vile vinavyoshika manyoya makubwa ya bawa la ndege wa leo. Hakuweza kuruka, lakini manyoya alikuwa nayo.

Nikanyamaza. Mjukuu akadhani nimesinzia.

Sikukuu ya Idd iliyofuata nikapanda gari mpaka Makunduchi. Nilimkuta kijana wangu naye ni mwalimu, mvi zimemwingia.

"Mwanangu," nikamwambia, "ulisema kweli, nami nilikufedhehesha mbele ya wenzio. Nisamehe."

Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Nimeshasamehe, Mwalimu. Swali lenyewe nilikwisha lisahau. Kile kicheko tu ndicho ninachokikumbuka."

Mwalimu mwenzangu unayesoma haya, kutojua kwangu kulikuwa na udhuru, maana ushahidi ulikuwa bado umo ardhini. Kicheko changu hakikuwa na udhuru wowote.