Panda Kwanza, Samaki Watangoja

Wasee wakisikia niko na tangi la samaki kwa keja, swali la kwanza huwa ni, "Uko na samaki wangapi?" Kwa wiki sita jibu langu lilikuwa sufuri. Maji, mchanga na majani, basi. Mabeshte walicheka, ati nafuga maji. Wacha wacheke. Mimi nasema hivyo ndivyo inafaa kuanza, na hii tabia ya kununua samaki na bakuli siku moja ni ukatili tu wenye tumeuzoea.

Sababu ni hii. Samaki hutoa amonia mwilini, na hiyo amonia ni sumu kwake mwenyewe. Ziwani maji ni mengi, inapotea. Kwa bakuli inabaki hapo hapo na yeye. Kwa tangi lililokomaa kuna bakteria wa kumsaidia: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, halafu lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni nafuu na mimea inaila kama mbolea. Hao bakteria huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka, na lazima uwalishe. Mimi nilikuwa natupa punje chache za chakula cha samaki zioze. Kwa hii kitu hakuna kupitia mlango wa nyuma.

Tangi langu ni la lita 40, limetengenezwa na fundi wa vioo. Chini niliweka udongo wa shamba usio na mbolea, juu nikaufunika na mchanga niliouosha mpaka maji yakatoka safi. Hiyo njia ya udongo ilielezwa na Diana Walstad, Mmarekani, kwenye kitabu chake cha 1999. Anubias nimeifunga kwa jiwe, kwa sababu shina lake nene likifukiwa linaoza. Vallisneria ndiyo inaingiza mizizi mchangani. Taa ni saa nane kwa siku. Ukizidisha, mwani unatawala kila kitu. Maji ya kanjo nayaacha kwa ndoo wazi siku nzima ndiyo klorini iishe.

Wiki ya pili majani ya zamani yalianza kuyeyuka. Ni kawaida: mimea mingi ya madukani hukuzwa nje ya maji, ikizamishwa inaacha majani hayo na kuota mengine. Nilijua hivyo, lakini bado mkono uliniwasha kuing'oa yote. Kazi yangu ni kupost kila siku, na tangi lenye halina samaki halina video. Wiki ya nne likatokea jani jipya, dogo kama ukucha. Nililitazama kuliko simu.

Ndiyo maana neno "ni samaki tu" linaniudhi. Mtu ananunua samaki, anakufa baada ya siku nne, anamwagwa chooni, kesho ananunuliwa mwingine. Hakuna mtu huuliza ni nini kinawaua. Kama kungoja wiki sita kunakushinda, nunua picha ya samaki, uitundike ukutani.

Na ukipogoa mimea, usiitupe kwa mtaro au mtoni. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini, likaletwa Afrika kwa sababu ya maua yake mazuri. Uliza wavuvi wa Kisumu ni siku ngapi mashua zimekwama kwa hilo pambo. Anika mabaki yakauke kabisa, halafu yazike.

Saa hii niko na gapi sita, madume tupu, kwa sababu ukiwachanganya na majike utakuwa na ukoo mzima kabla ya shule kufungwa. Nabadilisha robo ya maji kila wiki, na hakuna hata mmoja amekufa. Marafiki wakija wanakaa hapo mbele ya kioo, kimya, simu mfukoni. Tena wale wale waliosema nafuga maji.