Kwa Nini Ninahesabu Watu



Kila mara tunapotoka pamoja, mimi ninahesabu watu. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wamenipa hata jina: Bwana Hesabu. Sikasiriki. Lakini mbele sijamaliza masomo, nataka kuwaeleza namna desturi hii ilianza.

Ilikuwa likizo ya Pasaka mwaka 2023, mwaka mmoja mbele vita haijafika hapa kwetu Vitshumbi. Nilikuwa na miaka 16, kapita wa darasa tu. Kwaya ilialikwa Kyavinyonge, upande wa kaskazini wa Ziwa Edward. Kwa gari ni lazima kuzunguka Kanyabayonga, Lubero na Butembo, na feza hatukuwa nayo. Basi tukachukua pirogi ya motere. Mwalimu alikuwa ametangulia, na watoto 8 wakawekwa mikononi mwangu.

Asubuhi mapema tulikuwa tayari kwenye kivuko. Ndege marabu walisimama kati ya wavuvi kama wazee wa kanisa, wakingojea matumbo ya samaki. Niliambiwa pirogi ile inabeba watu 20. Nikahesabu 20. Kisha wakaingia wengine, na magunia, na kuku. Tulipoondoka tulikuwa 31, na jile za kuelea zilikuwa 6. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Mimi niliyeandika kila siku majina ya wapiga kelele darasani, mbele ya wakubwa nilikosa sauti. Nikajisemea: nahodha anajua.

Maji yalitulia. Tulipita karibu na viboko wachache, na muzee mmoja mvuvi akawahesabu kwa kidole. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Zamani hatukuhesabu, walikuwa wengi sana." Ni kweli. Miaka ya 1970 ndani ya Park ya Virunga walikaribia 30,000. Kufika mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000, kwa sababu ya bunduki na vita. Mavi yao yanalisha maji, na maji yanalisha tilapia tunaokula. Muzee akaongeza, "Mutu anahesabu kitu akishaanza kukipoteza."

Tulipita Kamandi. Pale magaribi milima inashuka mpaka ndani ya maji, na upande ule ndiko ziwa lina kilindi kirefu kuliko pote, zaidi ya meta 110. Kama saa sita ya mchana upepo ukaamka. Mawimbi yakaanza kuingia. "Toeni maji!" nahodha akalia. Tukatoa maji kwa sufuria, kwa bidoni zilizokatwa, kwa viatu. Mtoto mdogo wa kwaya alishika shati langu akauliza, "Kapita, tutafika?" Sikuwa na jibu. Nahodha akaamuru magunia mawili ya chumvi ya mama mmoja yatupwe.

Tukafika pwani ya Lunyasenge. Nikahesabu watoto: 8. Nikarudilia: 8. Nikahesabu mara ya tatu. Yule mama alikaa kwenye mchanga, akitazama maji. "Mutaji wangu uko kule chini," akasema. Hakuna aliyemlipa. Kama ningesema neno asubuhi, pengine nahodha angenicheka tu. Lakini nisingekuwa na deni lile moyoni.

Upepo ulipolala tukaendelea, tukaimba Kyavinyonge, likizo ikaisha. Siku ya kurudi, pirogi ikajaa tena vilevile. Safari hii nikasema, "Muzee, watoto wangu hawaingie."

Nahodha akanitazama. "Kijana, weye unajua ziwa kuliko mimi?"

"Hapana, muzee. Ninajua kuhesabu tu."

Wakaondoka bila sisi. Mwalimu alikuwa amebaki kwa wakwe zake, na hakuwepo wa kunisaidia. Tulilala siku mbili kwa wakristo wema mpaka tukapata pirogi nyepesi. Tulifika masomo yamekwisha kuanza. Wazazi walinigombeza sana, na mimi nikapewa azabu ya kulima siku tatu.

Tena niwaambie kweli yote: pirogi ile iliyojaa ilifika salama. Wenzangu walinicheka wakati ninalima. Hata leo siwezi kuonyesha kwa ushuhuda kwamba nilikuwa na haki. Ninajua tu kwamba mara ya kwanza nilinyamaza na mama akapoteza chumvi yake, na mara ya pili nilisema na nikapoteza siku tatu tu kwa jembe.

Hivi karibuni tutafanya mtihani wa Serikali, na kapita mupya atachaguliwa. Nitamwachia daftari ya majina na kalamu. Wadogo watamcheka, kama walivyonicheka. Yeye ahesabu tu, na ahesabu tukingali kwenye mchanga.