Juma Zima Chini ya Hema: Kutoka Makambako Hadi Ziwa Nyasa

Likizo ya mwaka inapokaribia, mfanyakazi wa mjini huwa na safari moja tu moyoni: kwenda kwao kuwasalimu wazee. Safari hiyo ni ya haki, wala hakuna anayeibeza. Lakini ikiwa mwaka huu umekwisha kuitimiza, na umebakiwa na siku saba mkononi, na watoto wamefunga shule mwezi wa Juni, basi nakushawishi uelekee Nyanda za Juu Kusini ukiwa na hema, mablanketi na sufuria mbili. Anzia Makambako, pita Njombe, shuka hadi Ziwa Nyasa, kisha urudi kwa njia ya Makete. Si safari ya matajiri. Familia mbili zikichanga kukodi gari moja lenye nguvu, na zikilala chini ya turubai badala ya hotelini, gharama iliyo kubwa itakuwa ni ya mafuta.

Nina ombi moja tu kwako. Kila mnapovuka mto au kijito, simamisheni gari mkaulize: maji haya yanakwenda wapi? Waachie watoto kazi ya kuuliza, nawe sikiliza jibu. Mwisho wa juma utaona kwa nini nimeomba hivyo.

Makambako si mji wa kuvutia macho. Ni njia panda, na umekua kama njia panda zote zinavyokua: maduka, gereji, vibanda vya chipsi, na upepo wa baridi uvumao bila haya. Hata hivyo, usiupite mbiombio. Hapa barabara kuu iendayo Zambia inakutana na barabara ya Songea, iliyojengwa kwa lami katika miaka ya 1980, na hapa pia pana stesheni ya reli ya TAZARA. Wapeleke watoto wakaione. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na kipande kilichowatoa jasho wajenzi kuliko vyote ni kile kipandacho kutoka Mlimba hadi hapo mlipo. Daraja la mto Mpanga peke yake limesimama juu ya nguzo za urefu wa meta 50. Mtoto aliyezoea kuona reli imelala juu ya mchanga tambarare atafahamu, akiitazama milima ya upande wa mashariki, kwamba reli pia hupanda ngazi.

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita 60 hivi, na katika mwendo huo nchi hubadilika rangi. Majani makavu ya Makambako yanabaki nyuma, na vilima vya kijani vinaanza kupokezana, kimoja baada ya kingine. Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu meta 2,000. Hali ya hewa ya Juni huko si ya mchezo: usiku ukiwa mweupe bila mawingu, umande huganda mabondeni, na asubuhi viazi huonekana kama vilivyonyunyiziwa unga. Kila mtu awe na sweta na mablanketi mawili. Asiyeamini atajifunza saa kumi za usiku.

Miti utakayoiona kwanza si wenyeji wa nchi hiyo. Misindano, ambayo wachana mbao huiita paina, asili yake ni Mexico. Mikaratusi, ambayo wenyeji huiita milingoti, ilitoka Australia, na miwati vivyo hivyo. Miwati ndiyo yenye hadithi ndefu zaidi mjini Njombe. Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, ambayo watu wote huiita TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949 wakati wa utawala wa Kiingereza, kwa sababu gome la mti huo hutoa dawa ya kulainishia ngozi. Gome hubanduliwa, hukamuliwa dawa yake kiwandani Kibena, na dawa hiyo husafirishwa kwa watengeneza ngozi. Kwa hiyo yamkini kiatu ulichovaa kanisani au msikitini kimepata kuonja mti wa Njombe. Nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba yako nayo huenda ilikuwa mlingoti wa huko.

Mjini penyewe, kando kabisa ya barabara kuu, mto Ruhuji unaanguka juu ya mawe meusi. Maporomoko hayo si makubwa, na pengine ndiyo sababu wasafiri wa mabasi huyapita wakiwa wamesinzia. Wewe shuka. Maji hayo yanakwenda mashariki, yanateremka mabonde yasiyo na idadi, yanaingia katika mto Kilombero, na Kilombero unaingia Rufiji. Huko Rufiji yanakutana na Bwawa la Mwalimu Nyerere lenye mitambo tisa ya umeme, ambayo kwa jumla ina uwezo wa megawati 2,115. Taa unayowasha jikoni kwako Temeke au Mabibo ina deni lake hapa, penye mawe haya.

Kuhusu mahali pa kulala, kanuni ni ile ile ya mgeni mstaarabu popote: piga hodi. Kijijini nenda kwa mwenyekiti au ofisi ya serikali ya kijiji. Kwenye shamba la miti omba ruhusa kwa wenye shamba. Kwenye misheni muulize mkuu wa mahali. Ukiwasalimu wazee wa Kibena kwa kusema “Kamwene”, mlango utafunguka upesi zaidi. Moto wa kupikia uwe mahali peupe, mbali na misindano, na uzimwe kwa maji wala si kwa kukanyagwa. Majani ya msindano yaliyokauka hushika moto upesi, na moto mmoja wa mpishi mzembe huweza kuteketeza shamba ambalo mtu amelingojea kwa miaka kumi na mitano.

Siku ya pili msiondoke Njombe. Tembeeni kwa miguu vijijini, mkafuate kijito chochote kuelekea kilikotoka. Kwenye mabonde mtaona bustani ndogo ndogo zenye matuta na mifereji, kijani kibichi wakati vilima vyote vimekauka. Hivyo ni vinyungu. Mvua ikikatika mwezi wa Mei, kinyungu ndicho kinacholisha nyumba: mboga, maharage, mahindi mabichi, viazi. Aghalabu mwenye kinyungu ni mama, na fedha ya daftari za shule hutoka humo. Chukueni muda kuongea naye. Muulizeni kama kijito kina maji kama zamani.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo huenda likamgusa msomaji wangu mwenyewe. Tangu bei ya mbao na nguzo ilipopanda, watu wengi wa mijini, wenye mishahara kama wewe na mimi, wamenunua ardhi katika Njombe na Mufindi wakapanda miti. Pengine wewe nawe una ekari zako tano huko, na picha yake unayo kwenye simu. Sioni ubaya wa jambo hilo. Msindano wa kupandwa umeokoa miti mingi ya asili isipigwe msumeno, na umewapa vijana wa vijiji kazi ya kuandaa vitalu, kupogoa na kuchana mbao. Tatizo ni mahali pa kupanda. Mnunuzi asiyefika shambani kwake humwachia msimamizi, na msimamizi hupanda milingoti hadi ukingoni mwa chemchemi, kwa sababu huko ndiko inakokua haraka. Mlingoti ni mnywaji mkubwa. Miaka michache ikipita, chemchemi hupungua, na mama wa kinyungu hulazimika kufuata maji chini zaidi bondeni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu katika meta 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Nimesikia sheria hiyo ikitajwa mara nyingi kwa mama wa kinyungu, na mara chache mno kwa mwenye milingoti aliyeko Dar es Salaam. Haki ingetaka ianzie kwa huyu wa pili. Basi kama una shamba huko, itumie siku hiyo ya pili kwenda kulitazama kwa macho yako, ukiwa na kamba ya kupimia. Ukikuta milingoti imeingia ndani ya zile meta 60, iondoe, uache majani na miti ya asili irudi yenyewe.

Siku ya tatu shikeni barabara ya Ludewa, inayoachana na ile ya Songea pale Itoni. Kipande cha kutoka Lusitu hadi Mawengi kimejengwa kwa zege badala ya lami, maana milima hiyo ina mvua nyingi na udongo wa kuteleza, na zamani lori likikwama hapo lilikwama kweli kweli. Mahali fulani kwenye migongo hiyo, bila kibao chochote, mnavuka mpaka wa maji. Nyuma yenu kila tone linakwenda Rufiji. Mbele yenu kila tone linakwenda mto Ruhuhu, kisha Ziwa Nyasa, kisha kwa mto Shire, ambao ndio mlango pekee wa kutokea ziwani, kupitia Malawi hadi Zambezi, na kuingia baharini Msumbiji. Matone mawili ya mvua moja, yakiangukia pande mbili za kilima kimoja, hukutana tena katika Bahari ya Hindi tu, mamia ya kilomita mbali.

Laleni Ludewa mjini, mpumzishe gari. Kesho yake mnateremka hadi Manda, na masweta yanavuliwa moja moja njiani. Ziwa liko chini sana, karibu meta 475 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo katika siku mbili mmeshuka kiasi cha meta 1,500. Mara linajitokeza. Mwanzoni watoto watabisha kuwa hiyo ni bahari, na si rahisi kuwakosoa: mawimbi yapo, mchanga upo, ngalawa zipo, na ng'ambo haionekani vizuri isipokuwa siku ya hewa safi. Kina chake hufikia meta 700 hivi. Upande wa kaskazini milima ya Livingstone imesimama wima, imeingiza miguu yake majini.

Kaeni hapo siku mbili. Nunueni usipa na mbasa kwa wavuvi asubuhi, na mle bila haraka. Mwezi wa Juni huvuma mwera, upepo wa kusini unaoweza kuinua mawimbi makubwa, hivyo vigingi vya hema vipigwe kwa nguvu, na mtu asipande mtumbwi mpaka wavuvi wenyewe waseme ziwa limetulia. Vyandarua ni lazima, maana mbu ambao Njombe hamkuwaona wako hapa wanawangoja. Kuhusu kuoga, waulizeni wenyeji mahali penye usalama: mlangoni mwa mto Ruhuhu kuna mamba, na kwenye maji yaliyotuama penye magugu kuna kichocho.

Siku ya sita ni ya kurudi Njombe, ni ndefu, na sina la kuisifia.

Siku ya saba, amkeni alfajiri mshike njia ya Makete, ambayo inapanda mpaka mtadhani haina mwisho. Huko juu ni nchi ya Wakinga, watu ambao biashara zao utazikuta katika miji mingi ya kusini. Kisha mnafika uwanda wa Kitulo, meta 2,600 juu, ambao mwaka 2005 ulifanywa Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake. Okidi peke yake zimehesabiwa aina 45. Sitakuficha kwamba mwezi wa Juni hutayaona mengi. Msimu wake ni kati ya Desemba na Aprili, wakati njia za pembeni zina matope. Mwenye kutaka maua na aende Desemba, avumilie matope. Mimi nachagua Juni, kwa sababu ndipo utaona jinsi uwanda ule unavyotoa maji wakati mvua haipo kabisa. Vijito vinatoka kwenye nyasi kama vile mtu amesahau kufunga bomba.

Chini ya nyasi hizo mna viazi vya okidi, ambavyo kwa miaka mingi vimechimbwa na kuvushwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Mchimbaji hupata fedha kidogo, na ua lililong'olewa halirudi. Tangu hifadhi ianzishwe walinzi wapo, lakini maua mengine yako nje ya mipaka yake.

Kutoka Matamba barabara inateremka kwa makona yasiyohesabika upesi hadi Chimala. Dereva aende polepole kwa gia ndogo, na abiria mwenye kichefuchefu akae mbele. Bonde la Usangu limetandazwa chini yenu, mashamba ya mpunga yakimeta. Maji ya Kitulo ya upande huu ndiyo yanayoingia huko na kuwa mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi, mahali ambapo zamani haukukauka kamwe. Waonyesheni watoto kutoka kona ya juu, kabla hamjashuka: milima inayotoa maji nyuma, mashamba yanayoyanywa mbele.

Chimala mnageukia mashariki, na lami inawafikisha Makambako kabla ya giza. Nunueni viazi hapo kando ya barabara, lakini dai vipimwe kwa mizani. Gunia lililojazwa hadi likashonewa kofia juu, lile liitwalo lumbesa, linaonekana rahisi kwa mnunuzi, na aliyelipia kile kichwa cha juu ni yule mama wa kinyungu.