Ndovu na Korongo

Jumamosi, 13 Septemba 2025, Busia

Sisi wa viinimacho tulikuwa wachache leo nyuma ya duka la fundi simu. Dereva wetu wa trela bado amekwama kwenye foleni ya Malaba. Fundi alikuja na kiinimacho kipya na nimemwonea wivu kabisa. Anaonyesha shilingi ishirini yetu, ile yenye ndovu, anapitisha kiganja juu yake mara moja, na kinachobaki vidoleni ni mia tano ya Uganda yenye korongo wa taji. Siri iko kwenye kipimo: ya Uganda ni ndogo kidogo, hivyo hujibana nyuma ya yetu bila kuchungulia. Na kwa kuwa shilingi yetu sasa inakwenda kama ishirini na saba za kwao, mwenye sarafu anapoteza shilingi moja na kitu tu, hana hata la kushtaki. Hiki kiinimacho hakingezaliwa Nakuru, mbali na mpaka.

Mzee, aliyebadilisha pesa mpakani miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye kuku, alituonyesha noti inayohesabiwa mara mbili. Inakunjwa katikati na kupachikwa ndani ya bunda. Wewe unahesabu kwa kupekua ncha, na ncha zake zote mbili zinapita chini ya kidole gumba. Anayekimbilia basi la Kampala halifungui bunda. Mzee alitumia vipande vya gazeti. Hashiki noti za kweli akifanya hivyo, hata kwa mzaha, wala hasemi kwa nini.

Jumanne, 16 Septemba, Malaba

Mtandao wa forodha ulilala tangu saa nne asubuhi. Madereva walijaa ofisini wakiniuliza mimi, karani, kana kwamba ni mimi niliyeuzima. Nilifanya mazoezi ya sarafu chini ya meza.

Jioni, kwenye ploti, nilimtoa mtoto wa jirani sarafu sikioni. Alipiga unyende, akakimbia. Nyanya yake akaja taratibu na leso yake mabegani: "Binti yangu, mambo hayo usiyalete hapa." Hakuwa na hasira, aliniogopea. Nilimwelewa. Huku kwetu mtu akishaitwa mchawi, jina hilo halifutiki. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa tuhuma hiyo, na waliowaua walikuwa majirani, watu wa kusalimiana nao njiani.

Nikamwita nyanya kwa Kiluhya: "Kukhu, keti." Nikarudia polepole: sarafu haiendi kokote, inabanwa kwenye nyama ya kiganja chini ya kidole gumba, mkono mwingine unajifanya umeichukua, nami naangalia ule mkono mtupu ili mtazamaji naye auangalie. Alicheka hadi machozi. Akaitaka sarafu, akajaribu, ikaanguka, akajaribu tena. Mtoto alirudi mwenyewe kuona nyanya akihangaika.

Jumamosi, 20 Septemba, Busia

Ugomvi mtamu. Niliwaeleza habari za kukhu, Mwalimu wa hisabati akaruka: siri haitolewi! Chama cha Magic Circle cha London kiliundwa 1905 na mwanachama anayeanika siri ovyo hufukuzwa. Nikamjibu kwamba ile ni London, mtazamaji ameshakata tiketi na anajua anakwenda kudanganywa. Mtoto wa ploti hakukata tiketi. Tena Mwingereza mwenzao, Reginald Scot, alichapisha kitabu mwaka 1584 akieleza jinsi sarafu na karata zinavyofichwa, kwa sababu aliona watu wakihukumiwa kwa uchawi ambao hawana. Huyo kwangu ndiye mzee wa kazi hii, si wale wa makoti marefu.

Mwalimu hakukubali, ila alitupa hadithi iliyonipa nguvu mimi badala yake. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma mfanya viinimacho wao, Robert-Houdin, Algeria kuwaonyesha watu kwamba nguvu za Wafaransa zinazidi za mashekhe wao. Alikuwa na sanduku ambalo mtoto angeliinua, kisha mwanamume wa miraba minne akashindwa kulitikisa. Chini yake kulikuwa na sumaku ya umeme. Dereva, aliyekuwa ameachiliwa na foleni hatimaye, aliuliza kama waliambiwa habari ya sumaku siku hiyo. Mwalimu akanyamaza kidogo. Basi ndiyo hivyo, akasema dereva, huyo hakuwa msanii, alikuwa DC wa mkoloni.

Fundi aliuliza kama tunaweza kushikwa. Sheria ya Uchawi ni ya 1925, ya mkoloni, na inamlenga anayejifanya ana nguvu zisizo za kawaida ili kuwatia watu hofu au kuwadhuru. Mimi nasema mwenye kuonyesha kiganja chake hana wasiwasi nayo.

Jumamosi, 27 Septemba, Busia

Tulitoka nje, kando ya stendi. Watazamaji wa mpakani ni wagumu: ukiongea sana wanashika mifuko. Sarafu ya ndovu na korongo iliwashika, hasa wanaboda, na fundi alipofunua siri yake walishangilia zaidi ya mara ya kwanza. Mwalimu aliliona hilo. Hakusema kitu.

Kisha Mzee akakunjua kiti, akatandika karata tatu juu ya katoni. Pata potea. Wote wanaijua, wengine imewala nauli. Aliwaonyesha mkono wenye karata mbili: jicho linangoja ya chini idondoke kwanza, kumbe inarushwa ya juu. Akaonyesha pembe iliyokunjwa, ambayo anayeliwa anaiona akidhani mwenye karata hajaiona. Akaeleza kwamba yule anayeshinda mwanzoni ni mtu wa wachezeshaji. Mama wa omena akapiga makofi, akasema kwa sauti jina la mtaa alikoliwa elfu mbili.

Tulipokuwa tukikusanya vitu, kijana mmoja wa manamba alimsogelea Mzee: "Mzee wangu, ile ya kurusha ya juu, unafundisha kwa ngapi?"

Mzee alizitia karata mfukoni. "Njoo Jumamosi, nikufundishe ya sarafu."

"Ya sarafu haina pesa," kijana akasema, akaidandia matatu ya Bumala iliyokuwa ikiondoka.

Mwalimu alinitazama njia nzima kurudi dukani. Jumamosi ijayo tutabishana upya, na safari hii nadhani Mzee atakuwa upande wake.