Nyuki wa Mama

Mahindi yakishabeba, kijijini kwetu Mang'ula hakulaliki. Katika miaka ya 1990 familia nzima ilihamia shambani: baba juu ya dungu na tochi yake, mama chini akichochea moto, sisi watoto na madebe ya kugonga. Nyuma yetu milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992. Ng'ambo ya bonde la Kilombero, pori la Selous. Tembo walipita kati ya pande hizo mbili tangu zamani, na mahindi na migomba yetu ilikuwa katikati ya njia yao.

Madebe yalisaidia kwa muda. Tembo si mjinga. Akishajua kelele haiumi, anakula huku akikutazama. Vijana wengine walirusha vijinga vya moto, jambo la hatari kuliko tembo mwenyewe, maana aliyeunguzwa si lazima akimbilie porini.

Mwaka 2011 zikaja kanuni za serikali za kifuta jasho kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori. Malipo hayakuzidi laki moja kwa ekari, mwisho ekari tano, na kadiri shamba lilivyokuwa karibu na hifadhi ndivyo fungu lilivyopungua. Ndani ya nusu kilomita hukupata kitu. Yaani aliyeliwa zaidi ndiye aliyefutwa jasho kidogo. Baba alijaza fomu mara moja, hakurudia.

Miaka hiyohiyo ujangili ulikuwa umepamba moto. Kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 hadi 43,000. Redio inatuambia wanakwisha, na asubuhi mama anahesabu nyayo mpya kwenye mihogo yake. Mweleze wewe!

Tukajaribu pilipili: kichaa iliyotwangwa, ikachanganywa na oili chafu ya gereji, tukalowesha matambara na kuyafunga kwenye kamba kuzunguka shamba. Tembo alinusa akageuka. Lakini mvua ikinyesha unaanza upya, na mtwangaji analia kuliko mfiwa.

Wazo la uzio wa nyuki lilitoka Kenya, kwa mtafiti Lucy King, aliyeonyesha kwamba tembo hukimbia hata sauti tu ya nyuki ikichezwa kwenye spika. Ngozi yake ni nene, ila kando ya macho na ndani ya mkonga pana pa kuchoma. Mizinga inaning'inizwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma, yote inayumba na wenyewe wanatoka. Wazee walicheka. Mama na wenzake wa kikundi wakatundika.

Asubuhi moja nikaona nyayo zimefika kwenye waya, zimekanyagana palepale, kisha zimeufuata uzio mpaka ulipoishia. Ulipoishia palikuwa na mpunga wa jirani.

"Mama, nyuki wako wamenitumia wageni," akaja kusema.

Alikuwa na haki. Uzio haumshibishi tembo, unamwelekeza kwingine, na sifikiri mkulima mmoja mmoja ataliweza jambo hili. Kikundi kilibishana wiki nzima, mwishowe fedha za asali zikanunua nguzo na waya wa kuufikisha uzio kwake. Kiangazi maua yakikosekana nyuki huhama, na mzinga mtupu haumtishi mtu, kwa hiyo miezi hiyo wanalinda kwa zamu. Jirani naye siku hizi analalamikia fungu lake la asali.